Nimepungua kwa mazoezi. Nyumbani wamenuna, mtaani wanasema naumwa

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka 41, ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu, mdogo ana miaka 6. Tunaishi Tabata pamoja na mama mkwe wangu mwenye miaka 74. Mimi ni karani katika ofisi moja Posta, mume wangu ana miaka 48 na anashughulika na kutoa mizigo bandarini.

Baba yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 59. Alikuwa na presha, akapewa vidonge, akavimeza miezi michache halafu akaviacha kwa sababu alijisikia mzima. Upande wa kulia ukapooza, maneno yakapotea. Tulimleta kwangu akaishi nasi karibu miaka mitatu hadi mauti yalipomkuta. Muda wote huo ni mume wangu aliyekuwa akimbeba kumpeleka bafuni, akimnyoa ndevu, akimgeuza usiku asipate vidonda. Nalitaja hili kwa sababu sitaki umwone mtu mbaya.

Mwaka jana walikuja wapimaji ofisini kwetu. Sukari kabla ya kula ilikuwa 6.4, presha 138 kwa 88, uzito kilo 89, na mimi ni mfupi. Daktari akaniambia, "Bado huumwi, lakini ukiendelea hivi tutaonana." Nilirudi nyumbani nikimwona baba tu.

Nikajiunga na kikundi cha jogging cha mtaani. Tunakutana saa kumi na moja alfajiri, wachache wanakimbia, wengi tunatembea kwa kasi, kutoka Kimanga kuelekea Segerea na kurudi, siku tano kwa wiki. Jumapili mojamoja tunakwenda hadi Daraja la Tanzanite na Coco Beach. Jikoni nako nikabadilisha. Sembe nikaiondoa, nikaleta dona. Kidumu cha mafuta cha lita tano kilichokuwa kikiisha kwa wiki mbili, sasa kinafika mwezi. Soda nimepiga marufuku, chapati na maandazi nimeacha kupika, chai kila mtu anakunywa bila sukari. Mboga za majani kila siku, samaki wa kuchemsha, matunda.

Sasa ni miezi minane, nina kilo 77. Magoti hayaumi tena, ngazi za ofisini napanda bila kusimama katikati, na mara ya mwisho sukari ilisoma 5.7.

Shida iko hapa. Mume wangu siku hizi hagusi chakula changu. Anarudi na chipsi mayai kwenye mfuko, anakaa sebuleni anakula, watoto wamemzunguka. Nikisema neno ananijibu kwamba kila mtu na siku yake, na kwamba nyumba nimeigeuza wodi. Mama mkwe naye anakuja mezani na kikopo chake cha chumvi, ananyunyizia kabla hajaonja. Juzi alimwambia jirani, mimi nasikia, kwamba mwanawe analishwa majani kama mbuzi.

Mtaani ndiyo balaa zaidi. Rafiki yangu wa miaka mingi alinivuta pembeni msibani akaniuliza kwa upole kama nimeanza dozi. Kwenye kikoba wanashusha sauti nikiingia. Maneno hayo yakamfikia mume wangu, na badala ya kunitetea akaniuliza najipendezesha kwa nani alfajiri yote hiyo, maana kikundini wanaume wamo. Tangu siku hiyo hela ya matumizi anaiacha pungufu. Anasema wala majani hawahitaji hela nyingi.

Tena ana tabia ya kushika kichwa akilalamika kinauma, na usiku anakoroma mpaka pumzi zinakatika, halafu anashtuka. Nilipomwomba akapime alikuja juu: "Usinichulie! Unataka niumwe ndiyo uridhike?"

Shangazi, nimechoka kugombana kwa sababu ya sahani. Niendelee hivi hivi wote wakinichukia? Nipike vyungu viwili kwa hela hii hii? Au nirudi kupika kama zamani ndoa ipone, halafu yaliyompata baba yanipate na mimi? Baba angekula vizuri angekuwepo leo. Sitaki wanangu waje kunibeba.

Mwenye mawazo, Tabata

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kumpoteza baba, na pole kwa miaka mliyomuuguza.

Nikikuelewa vizuri, ulipimwa ukaambiwa ugonjwa bado haujaingia, ukaamua kuuzuia, na mpaka sasa unafanikiwa. Ila kadiri mwili wako unavyopata nafuu ndivyo nyumba inavyozidi kununa, na umefika mahali unaona ni lazima uchague kimoja: afya au amani. Sina hakika kama ni lazima uchague, na hilo ndilo ningependa tulitazame pamoja.

Kabla ya yote nikupe haki yako. Sukari ya 6.4 kabla ya kula iko katikati. Shirika la Afya Duniani linahesabu 6.1 hadi 6.9 kuwa imepita kawaida, na kuanzia 7.0 ndipo huitwa kisukari, tena baada ya kupima zaidi ya mara moja. Ukiwa hapo katikati, miguu na sahani vina nguvu ya ajabu. Huko Marekani waliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa na sukari ya namna hiyo, matokeo yakatoka mwaka 2002. Waliopewa lengo la kufanya mazoezi kama kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito, walioingia kwenye kisukari walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Waliomeza metfomini, ambayo ni dawa kweli, walikuwa pungufu kwa asilimia 31. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapozidiwa, kwa hiyo kushuka kwa namba yako hadi 5.7 hakujatokea kwa bahati. Umetoka kitandani ukaitafuta, na ninajivunia wewe.

Sasa nikuulize kuhusu ile sentensi yako ya mwisho-mwisho, kwamba baba angekula vizuri angekuwepo. Pengine. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba aliacha vidonge kwa sababu alijisikia mzima. Presha kwa kawaida haipigi hodi. Mtu hutembea nayo miaka mingi bila kuhisi chochote, na kuacha dawa kwa sababu hujisikii mgonjwa ndiko kumewaangusha wengi. Vidonge vya presha navyo ni kinga, sawa na mchicha na raba za mazoezi. Kule Daqing, China, kuna utafiti ulioanza mwaka 1986 na watu wakafuatiliwa kwa miaka 30. Waliobadilisha chakula na mazoezi, kisukari kiliwachelewea kwa takriban miaka 4, na waliopata magonjwa ya moyo na kiharusi walikuwa wachache zaidi. Lakini ni kuchelewa; wengi wao hakikuwakosa hatimaye. Nakwambia haya ili siku ukiambiwa uanze dawa pamoja na juhudi zako zote, usione umeshindwa wala usijihukumu. Na pia kwa sababu nadhani nyumbani kwako watu wanasikia kitu ambacho hukukusudia kukisema.

Jiweke mahali pa mama mkwe. Mwanamke huyu amemlisha mwanawe tangu utotoni, chapati zake, wali wake wa nazi, chumvi yake. Unapoviondoa vyote kwa kauli kwamba chakula kile ndicho kilichomuua baba yako, yeye anasikia kwamba miaka yote hiyo alikuwa akimpa mwanawe sumu. Kile kikopo cha chumvi huenda hakihusiani sana na chumvi.

Halafu mumeo. Nimeirudia zaidi ya mara moja ile sehemu ya kumgeuza baba yako usiku. Mwanaume aliyefanya hayo kwa karibu miaka mitatu amekiona kiharusi kwa karibu kuliko wapimaji wote waliokuja ofisini kwenu. Wewe umechukulia kwamba hajali. Je, kama anaogopa kuliko wewe? Wewe hofu ilikutoa nje alfajiri. Yeye huenda imemfanya azibe masikio, na "kila mtu na siku yake" ni maneno mazuri ya kuzibia. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndiye unayemjua. Lakini umewahi kumuuliza miaka ile ilimwachia nini moyoni, bila kuingiza habari za chakula katika mazungumzo hayo?

Kuhusu jikoni, nilisoma barua yako nikitafuta mahali mlipokaa mkaongea, sikupaona. Uliondoa sembe, ukapiga marufuku soda, ukaacha chapati, ukatoa sukari kwenye chai, na yote ni kama kwa wiki moja. Wewe ulikuwa na kipimo mkononi kinachokusukuma. Wao hawakuwa nacho. Tazama mafuta. Lita tano kwa wiki mbili, watu sita, ni kama vijiko vinne vya chakula kwa kila mtu kila siku. Sasa ni kama viwili. Hiyo ni kazi kubwa kabisa, na ungeweza kuifanya polepole, kijiko badala ya kumimina kwa kidumu, bila mtu yeyote mezani kugundua. Hata soda, chupa moja ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari wakati inashauriwa mtu asizidi gramu 25 kwa siku ikiwezekana. Kwa hiyo ulikuwa sahihi kuiwekea mpaka. Ila mpaka na marufuku ni vitu viwili tofauti, hasa kwa watoto, ambao sasa wamejifunza kwamba raha inakuja na baba kwenye mfuko.

Tena chakula kinachokufaa wewe si lazima kiwafae wote sita. Mtoto wa miaka 6 anakua, anahitaji mafuta kiasi, maziwa, mayai, karanga. Bibi wa miaka 74 akipungua uzito ni hatari, maana misuli ikiisha ndipo wazee wanapoanguka. Kwake maharage, mayai na samaki ni muhimu kuliko kupunguziwa, na mazoezi ya kumpa mizani ya mwili, hata kusimama na kukaa kwenye kiti mara kadhaa, yanamfaa. Chumvi ndiyo kweli ipungue kwa wote, isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kikihesabiwa na ile iliyomo tayari kwenye vyakula. Lakini hakuna aliyesema chakula cha kujikinga lazima kiwe na ladha ya hospitali! Samaki wa kuchemsha kila siku hata mimi angenichosha. Mchome, mpake ndimu, kitunguu saumu na pilipili. Matembele yatiwe tui jepesi. Choroko, kunde na mbaazi ni vyakula vya nyumbani kwetu tangu zamani, bei yake ni ndogo kuliko nyama, na mama mkwe wako bila shaka anajua kuvipika kuliko mimi na wewe. Mwachie jiko siku moja umwombe avipike anavyojua yeye.

Na dona pia nikutahadharishe. Ina makapi na kiini, ndiyo, lakini bado ni wanga, na ukubwa wa bonge unahesabika. Vilevile mahindi yaliyovunda hubeba sumukuvu, na ganda la nje ndilo hubeba nyingi zaidi. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo. Ukisaga dona, nunua mahindi makavu, uyachambue wewe mwenyewe. Kama nyumba haiipendi, kuchanganya nusu kwa nusu na sembe si dhambi.

Basi ukiendelea kama sasa, mwili wako utashukuru, ila unashinda sahani yako huku ya mumeo ikihamia kwenye mafuta yaliyokaangiwa tangu asubuhi. Vyungu viwili vitaleta utulivu wa haraka, lakini vinakula gesi, vinakula muda wako, na watoto watajua kwamba mboga ni chakula cha mama kwa kuwa mama ana matatizo. Ukirudi kama zamani, uzito na sukari huenda vikarudi pamoja nawe, na nahofia utamkasirikia mumeo kimyakimya kwa kila chapati. Kuna pia chungu kimoja kinachobadilika taratibu, chapati zikarudi siku moja ya wiki, mboga zikaongezeka kabla ya wanga kupungua. Hapo hatari ni kwamba utachoka kusubiri, au mumeo ataona ameshinda na mambo yaishie hapo. Wewe ndiye unayejua ipi unaweza kuibeba.

Alfajiri yako lakini ni jambo tofauti na chungu. Chungu ni cha watu sita, miguu ni yako. Vikundi vya jogging vimejaa Dar, na mwishoni mwa 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi kwa watu wote, kwa hiyo huna cha kuficha. Wivu wa mumeo hata hivyo usiupuuze wala usiukubalie tu. Wenzako wa kike wakikupitia getini akawaona, huenda moyo ukatulia. Kumwalika kikundini kunaweza kumwaibisha, mtu mwenye kitambi mbele ya wanaume waliozoea. Matembezi ya robo saa baada ya chakula cha jioni, nyie wawili tu, hayana watazamaji, na ndio wakati sukari ya chakula inapopanda. Tena kama anahofia usalama wako gizani, ana hoja, bodaboda za Tabata hazichagui upande wa barabara. Vaeni nguo za kung'aa.

Ila hela ya matumizi kupunguzwa, hilo nisingelichanganya na mboga. Kumbana mke kwa posho ya chakula cha watoto ni jambo zito, na linastahili kikao chake, hata kwa kumhusisha mshenga wenu au mzee anayeheshimiwa na pande zote. Likizidi, ofisi ya ustawi wa jamii ipo.

Ya mtaani huna deni nayo. Lakini yule rafiki aliyekuuliza kwa upole, mwenzio alikuwa na wasiwasi juu yako, na nadhani anastahili kuambiwa ukweli. Hata ungekuwa kwenye dozi, mwanangu, anayemeza dozi naye anajilinda, hana cha kuonewa haya. Wewe jichunge kwa jambo moja tu. Uzito ukiendelea kushuka bila wewe kuutafuta, ukawa na kiu isiyoisha na kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, usiseme ni mazoezi, nenda ukapime upesi.

Kuhusu kichwa cha mumeo na pumzi zinazokatika usiku, hapo tumeshatoka kwenye kinga. Hizo ni dalili za kumwonyesha daktari, hata angekuwa anakula mchicha kutwa. "Kapime" alishaisikia kama laana. Lakini wewe una vipimo vyako vya kurudia, na kumwomba akusindikize si kumchulia. Mkifika hapo zahanati, presha apimwe akiwa amekaa ametulia dakika tano, mkono umeegemea meza, na ipimwe mara mbili. Akikataa safari hii, usimfukuzie. Mwombe tena utakaporudi kupima yako. Isipokuwa mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakimgoma. Hapo usimwombe wala usingoje kupambazuke, mpakie kwenye gari la kwanza utakalolipata.